Wodi ya kwenye simu: kisa cha darasa moja la utabibu, Machi hadi Juni 2020

Kisa hiki kilitokea katika chuo kimoja cha afya nchini Tanzania. Nilikuwa mmoja wa wakufunzi, kwa hiyo sehemu kubwa ya makosa yatakayosomwa hapa ni yangu mwenyewe. Jina la chuo, mkoa, na chochote cha kumtambulisha mwanafunzi au mgonjwa nimekiondoa. Uhusiano wa kifamilia wa watu wawili watatu nimeubadili kidogo. Mambo ya kitabibu sikuyagusa.

Usuli

Stashahada ya utabibu huchukua miaka 3, na anayehitimu ndiye yule ambaye wagonjwa wa zahanati humwita "dokta" hata kama cheti chake kinasema tabibu. Darasa letu lilikuwa mwaka wa pili. Anatomia na fiziolojia walishazimaliza. Wodini walikuwa wamekaa wiki chache, za kutosha kuzoea harufu na kujua wasimame wapi wakati wa raundi, lakini si za kutosha kumgusa mgonjwa bila mkono kutetemeka. Muhula ule ndio uliokuwa wa kuwafundisha kumpima mgonjwa.

Machi 16, 2020 mgonjwa wa kwanza wa korona akatangazwa nchini. Ndani ya siku chache vyuo vikafungwa, wanafunzi wakabeba mabegi wakaenda makwao. Uongozi ukatuambia masomo yaendelee kwa mtandao. Hakuna aliyetuambia yaendelee vipi, na sisi hatukuuliza, kwa sababu kila mmoja alikuwa na simu mkononi na grupu la WhatsApp la darasa lilikuwapo tayari.

Kumpima mgonjwa kuna kazi nne: kutazama, kupapasa, kugonga na kusikiliza. Mimi nimezifundisha miaka mingi kwa mpangilio huo huo. Machi ile sikukaa chini hata dakika kumi kujiuliza ni ipi kati ya hizo nne inaweza kupita kwenye simu.

Wiki za mwanzo

Tulianza na vipindi vya video vya moja kwa moja, saa 4 asubuhi, kana kwamba wako darasani. Ilikuwa masika. Saa 4 asubuhi mtoto aliyerudi nyumbani kijijini yuko shamba. Wachache waliofanikiwa kuingia walikuwa wakidondoka mmoja mmoja, na nusu ya kipindi ilikwenda kwa "Dokta, umekatika" na "Dokta, rudia kidogo". Kipindi kimoja kilimaliza bando la siku nzima. Baadhi walikuwa na viswaswadu tu, simu ndogo za kupiga na ujumbe mfupi, hao hatukuwaona kabisa. Mmoja alimpigia kiongozi wa darasa kuuliza kama chuo kimeshafunguliwa, akidhani wenzake nao wamepumzika.

Nikahamia kwenye kurekodi. Slaidi zenye sauti, dakika 10 kila moja, mtu azipakue usiku bando linapokuwa rahisi. Hilo lilipokelewa vizuri, nami nikajiona nimeweza. Kwa ujasiri huo nikatuma sauti za moyo.

Nilikuwa nafundisha ugonjwa wa moyo unaotokana na homa ya baridi yabisi, ile inayovimbisha viungo utotoni, hasa kusinyaa kwa vali iliyo kati ya chumba cha juu na cha chini upande wa kushoto. Mvumo wake ni mzito, wa chinichini, unasikika moyo unapolegea, na hata wodini mwanafunzi humchukua siku kuupata. Nikatuma rekodi nzuri kabisa. Majibu yakaja: "Tumesikia dokta." Nikauliza wanisimulie walichosikia. Mmoja akaandika "lab-dab". Wa pili akasema amesikia mkwaruzo. Wa tatu alikuwa mkweli: "Dokta, mimi nasikia kama simu imekaa kimya."

Huyo wa tatu ndiye aliyesikia sawasawa. Sauti za moyo nyingi ziko chini ya mitetemo 200 kwa sekunde. Spika ya simu ni kadude kadogo kama kifungo, haina nguvu ya kutoa sauti nzito kiasi hicho. Njia ya kawaida ya simu ya kupiga nayo iliundwa kupitisha mitetemo 300 hadi 3,400 kwa sekunde, inayotosha maneno ya binadamu na basi. Kwa hiyo nilikuwa nimewatumia mvumo ambao vyombo vyao havikuweza kuutoa, na zaidi ya nusu ya darasa walinijibu kwamba wameusikia. Waliokuwa na spika za masikioni walipata kidogo.

Lililonishtua zaidi ni lile "tumesikia dokta". Wodini ningemtazama mtu usoni nikajua hajasikia kitu. Kwenye grupu, adabu ya mwanafunzi kwa mwalimu wake ilifunika kila kitu.

Maamuzi na sababu zake

Tulikutana wakufunzi watatu, tukaamua mambo matatu.

La kwanza, kuacha kabisa vipindi vya moja kwa moja. Hili halikuhitaji mjadala.

La pili lilikuwa mgonjwa wa maandishi. Jioni, saa 2 hadi saa 3, mkufunzi anakuwa mgonjwa ndani ya grupu na wanafunzi wanamhoji kwa zamu. Kuchukua historia ni maneno, na maneno yanapita kwenye simu bila kupungua. Mimi nikawa mama wa miaka 28 mwenye watoto wawili, anayeishiwa pumzi akipanda na ndoo ya maji kutoka mtoni. Ugonjwa wangu ulikuwa ule ule wa vali, ila hawakuambiwa.

Hapo nikaona jambo ambalo darasani nilikuwa silioni. Chuoni tunafundisha kwa Kiingereza, lakini mgonjwa anazungumza Kiswahili, na daraja la kati tunamwachia mwanafunzi alijenge mwenyewe. Mmoja aliniuliza, "Mama, uliwahi kuugua homa ya baridi yabisi?" Nikamjibu, "Hiyo siijui mwanangu." Akaandika kwenye muhtasari wake kwamba mgonjwa hana historia hiyo. Ilichukua dakika arobaini hadi binti mmoja alipouliza, "Mama, ulipokuwa mdogo uliwahi kuvimba magoti, likipona hili linavimba jingine?" Nikajibu, "Eeh, nilipokuwa darasa la tano, nilikaa nyumbani mwezi mzima. Bibi alinikanda kwa majani." Grupu lililipuka.

Mwingine akauliza swali la kitabuni: "Unalalia mito mingapi?" Nikajibu, "Mmoja. Lakini siku hizi naukunja, chini yake naweka khanga na sweta la baba watoto." Nusu yao waliandika "mto mmoja" wakaendelea. Asiye na mto wa pili hawezi kulalia miwili, hata pumzi imbane vipi. Nililisema hilo mara moja tu, na tangu siku ile hakuna aliyeuliza tena idadi ya mito. Waliuliza mtu analalaje.

La tatu lilikuwa mazoezi ya mkono, ya kufanyia nyumbani, ambayo hata mwenye kiswaswadu angeyapata kwa ujumbe mfupi. La kugonga lilianza na dumu la maji. Inasimuliwa kwamba Leopold Auenbrugger, daktari wa Austria aliyeandika mwaka 1761 juu ya kugonga kifua, alijifunza utotoni alipomwona baba yake, mwenye nyumba ya wageni, akigonga mapipa kujua divai imefikia wapi. Kwetu kila nyumba ina dumu la lita 20. Zoezi: mtu mwingine atie maji usiyoyaona, wewe ugonge ubavuni kuanzia juu kwenda chini, kidole juu ya kidole, uweke alama pale mlio unapogeuka kuwa butu, kisha utumbukize kijiti upime umekosea kwa vidole vingapi. Walituma majibu siku hiyo hiyo. Wengine walianza kushindana na wadogo zao.

Zoezi la pili, kuhesabu pumzi za watoto wa chini ya miaka 5, ndilo lililotuletea matatizo, kwa hiyo nalieleza kwa kirefu. Mwongozo unajulikana: mtoto wa chini ya miezi 2 anapumua haraka akifikisha 60 au zaidi kwa dakika, wa miezi 2 hadi chini ya mwaka, 50 au zaidi, wa mwaka 1 hadi chini ya miaka 5, 40 au zaidi. Kuhesabu ni dakika nzima, mtoto akiwa ametulia. Wanafunzi hupenda sekunde 15 kisha kuzidisha kwa 4, na pumzi moja wanayoikosa inageuka kuwa nne. Nikawaambia: tafuta mtoto nyumbani, hesabu mara tatu, tuma umri na hesabu zote tatu.

Ona nilichokosa kuandika. Sikuandika cha kufanya endapo namba itakuwa juu. Kichwani mwangu wale walikuwa watoto wazima, waliolala, wa kufanyia mazoezi.

Usiku wa pumzi 58

Saa 1:40 usiku mwanafunzi mmoja alituma: "Mtoto wa dada, miezi 7. 58, 61, 58. Ana kikohozi na homa toka juzi."

Simu yangu ilikuwa imeisha chaji na umeme ulikuwa umekatika. Niliuona ujumbe ule saa 11 alfajiri. Katikati hapo grupu halikulala. Wa kwanza alimpongeza kwa kuhesabu mara tatu. Wawili wakabishana kama 58 ni haraka au ni homa tu inayosukuma. Mmoja akaandika jina la dawa na kipimo chake, "nenda hapo duka la dawa". Mwingine akaomba, "Tuma video tuone kama kifua kinabonyea." Video ikatumwa: mtoto hana nguo, sura ya mama yake inaonekana wazi, kibatari ndio mwanga. Kifua hakikuonekana kitu. Giza, na picha iliyobanwa ili ipite kwenye mtandao dhaifu, vilikuwa vimefuta kile hasa kilichotafutwa. Hata hivyo watu wanne waliandika "kinabonyea" na watatu "hakibonyei".

Nilipiga simu. Ananyonya? Ananyonya. Anatapika kila kitu? Hapana. Amepata degedege? Hapana. Amelegea, hazinduki vizuri? Hapana, analia. Nikamwambia afungue nguo mchana ukipambazuka, atazame chini ya mbavu mtoto anapovuta pumzi. Hapakubonyea. Walifika zahanati kabla ya saa 2 asubuhi, akapimwa malaria akaonekana hana, akatibiwa kichomi kwa amoksilini ya kuyeyusha, akapona.

Mwanafunzi alipokuja kunisimulia, alisema jambo ambalo sijaweza kulisahau: "Dokta, jibu nilikuwa nalijua tangu jioni. Nilikuwa nasubiri uniambie kama nimepatia."

Alijua. Kikomo cha 50 alikuwa amekikariri, hesabu yake ilikuwa safi kuliko za wengine wote, na zahanati ilikuwa umbali wa kutembea. Kilichomzuia ni kwamba tulimfundisha, bila kukusudia, kuwa namba ile ni jibu la zoezi. Mtoto alikuwa amelala pembeni yake na yeye akawa anangoja masahihisho.

Tulichobadilisha

Kulikuwa na hoja ya kufuta zoezi lote. Mkuu wa idara aliiunga mkono, na kwa upande wa usalama alikuwa na haki: mwanafunzi hana leseni, na kijijini watu walishaanza kuwaita dokta na kuwaletea wagonjwa mlangoni. Mimi nilipinga kwa sababu moja. Mtoto yule angekohoa pale pale, tukiwa na zoezi au bila zoezi. Tofauti ni kwamba zoezi lilimpata. Tukakubaliana libaki kwa masharti.

Namba ikifika kikomo, au mtoto akiwa na dalili yoyote ya hatari (hanyonyi wala hanywi, anatapika kila kitu, amepata degedege, amelegea au hana fahamu), zoezi limeishia hapo: mzazi aambiwe, mtoto apelekwe zahanati, taarifa kwenye grupu ifuate baadaye. Mzazi aombwe ridhaa kabla, na aambiwe wazi kuwa anayehesabu ni mwanafunzi. Asitajwe mtu dawa. Mkufunzi mmoja awe zamu kila jioni kwa simu ya kupiga, siyo ya grupu. Na picha za wagonjwa marufuku, hata za kidole. Video ile tuliomba ifutwe kwenye simu zote. Sijui kama ilifutwa zote, na mama yule hakuwahi kuulizwa kabla haijatumwa. Wakati huo hatukuwa na sheria mahususi ya taarifa binafsi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilitungwa mwaka 2022. Lakini siri ya mgonjwa haikuanza na sheria ile, na tulipaswa kuisema siku ya kwanza.

Marufuku ya picha ilizaa faida ambayo hakuna aliyeipanga. Awali mtu alituma picha ya upele na kuuliza "hii ni nini?" Sasa ilimbidi aandike: uko wapi, ulianzia wapi, umeinuka au uko sawa na ngozi, ukiubonyeza unafifia? Ili aandike, ilimbidi atazame. Maelezo ya mwezi Mei yalikuwa bora kuliko ninayosoma kwenye mafaili ya wodini miaka yote.

Waliporudi

Vyuo vilifunguliwa Juni 1. Wiki ya pili tukafanya mtihani wa vituo, bila kuwatahadharisha sana, ili tujue tumebaki na nini.

Kituo cha kuhesabu pumzi: karibu wote walihesabu dakika nzima. Darasa lililotangulia, lililofundishwa ana kwa ana, halikufika hapo. Kituo cha historia kilikwenda vizuri kwa waliokuwa kwenye grupu. Wenye viswaswadu walipwaya. Walikuwa wamepata mazoezi yote ya mkono kwa ujumbe mfupi lakini hawakuwahi kumhoji mgonjwa wa jioni. Binti mmoja kati yao alihesabu pumzi na kugonga kifua kuliko mtu yeyote, kisha akamhoji mgonjwa kama karani wa sensa, swali juu ya swali, bila kusubiri jibu liishe.

Kituo cha kugonga kilituchekesha na kutusikitisha. Vidole vilikuwa na ufundi, lakini wengi waligonga kwa nguvu ya dumu. Mgonjwa wa majaribio aliomba wagonge polepole.

Kituo cha kusikiliza moyo kilikuwa msiba. Walijua sehemu zote nne za kuweka stethoskopu, wakazitaja kwa ufasaha, kisha wakaiweka juu ya shati. Waliogeuza upande wa kengele, unaotumika kwa sauti nzito, waliukandamiza kifuani kwa nguvu. Kengele ikikandamizwa, ngozi iliyo chini yake inakazwa kama ya ngoma na sauti nzito zinapotea. Hilo lilikuwa limeandikwa kwenye slaidi yangu ya 14. Wote walikuwa wameisoma.

Uchambuzi

Kila aliyesikia kisa hiki hukimbilia kulaumu mtandao. Mtandao ulitusumbua, ndiyo, ila hasara kubwa zilitoka mahali ambapo mtandao ulifanya kazi vizuri tu. Sauti ya moyo ilifika. Ujumbe wa pumzi 58 ulifika ndani ya sekunde moja, ukasomwa na watu zaidi ya thelathini.

Kosa la kwanza lilikuwa kutotenganisha kazi nne za kumpima mgonjwa kabla ya kuanza. Historia, ambayo haimo katika hizo nne, inapita kwa maneno. Kutazama kunapita nusu, na picha inadanganya zaidi mtu anapoamini imefika nzima. Kugonga kunaweza kuanzishwa nyumbani kwa dumu, lakini lazima kumaliziwe kifuani. Kupapasa hakupiti, wala kusikiliza moyo. Kama ningepanga muhula kwa kufuata hilo, ningetumia miezi ile yote kwa historia na kuhesabu, na kuacha moyo hadi warudi.

Kosa la pili ni kufikiri kwamba mwanafunzi aliye nyumbani yuko darasani kwa mbali. Alikuwa mahali penye watoto wenye homa na majirani wanaomwamini kupita kiasi. Tulimpa kazi ya wodini tukasahau kumpa vitu ambavyo wodi inavyo hata usiku wa manane: mtu wa zamu, njia ya rufaa, na mkubwa wa kumwambia "acha hiyo, mpeleke." Wodini asingesubiri nimwambie amepatia, kwa sababu muuguzi angekuwa ameshamnyanyua mtoto.

Kuhusu wenye viswaswadu, jibu lilikuwa mikononi mwetu. Simu ya kupiga ilikuwapo. Dakika 15 za mgonjwa wa sauti kwa kila mmoja wao, mara moja kwa wiki, zingewezekana kwa vocha ya bei ndogo kuliko kipindi kimoja cha video. Hatukulifikiria, maana neno "mtandaoni" lilikuwa limetufunga macho.

Mgonjwa wa jioni tumemwendeleza hata baada ya vyuo kufunguliwa, kwa Kiswahili, na wakufunzi wapya hugombea kuwa mgonjwa. Dumu nalo liko pale nje ya maabara ya vitendo, limeandikwa kwa kalamu nene LISINYWEWE. Karatasi ya zoezi la kuhesabu pumzi sasa inaanza na maelekezo ya zahanati, na vikomo vya namba viko upande wa nyuma.

Kupapasa wengu, kiungo kilicho chini ya mbavu za kushoto, hatukukupatia ufumbuzi. Darasa lile lilifika mwaka wa tatu likiwa halijawahi kuukuta wengu uliovimba chini ya vidole, na ukingo wake unapokujia mgonjwa akivuta pumzi ni kitu ambacho sijui kukieleza kwa maandishi hata leo. Tuliwaongezea zamu za usiku katika wodi ya watoto, wawili wawili, Julai nzima.